Kwa nini kuyapenda mazingira huwalinda viumbe pori: kutoka kipunji wa Rungwe hadi mbasa wa Matema

Siku tulipozungumzia mito inayoingia Ziwa Nyasa, kipindi kilikuwa kinakaribia kuisha ujumbe ulipoingia kutoka kwa msikilizaji wa Matema. Aliandika hivi: "Kila siku mnatuambia tupende mazingira. Mimi nina watoto wanne na nyavu mbili. Huo upendo unaingia chunguni?"

Muda wa kumjibu vizuri hewani haukutosha, na swali lake lilistahili jibu zuri. Ndiyo maana tumeandika makala haya, ili na wewe uliyekosa kipindi uyasome kwenye simu yako kwa nafasi yako.

Jibu fupi ni hili: upendo hauingii chunguni. Lakini pasipo upendo, vile vinavyoingia chunguni vitaisha, na tutakuja kushtuka vikiwa vimekwisha. Jibu refu linaanzia juu kwenye milima ya Livingstone, ile tunayoiona kila asubuhi ikiwa imesimama nyuma ya ziwa, na linaishia hapa chini, mtoni na ufukweni.

UPENDO TUNAOUSEMA NI UPI?

Watu wengi wakisikia "kupenda mazingira" wanafikiria mgeni mwenye kamera anayepiga picha jua likizama Matema. Si huo tunaouzungumzia hapa.

Mfikirie mkulima wa kakao. Asubuhi anapita shambani hata siku ambayo hana kazi ya kufanya. Anajua mti upi ulichelewa kuzaa, upi una ugonjwa, upi alipandiwa na baba yake. Tunda moja likianza kuwa jeusi analiona siku hiyo hiyo. Mgeni akipita katika shamba lile lile ataona miti tu.

Huo ndio upendo tunaousema: kukijua kitu kwa karibu kiasi kwamba kikipungukiwa, wewe unakuwa wa kwanza kuona, na moyo unakuuma kiasi cha kufanya jambo. Wahenga walisema asiyekujua hakuthamini. Kwa wanyama, samaki na miti, msemo huo ni kweli tupu.

Baba Dioum, mtaalamu wa misitu kutoka Senegal, aliueleza ukweli huo akiwa New Delhi, India, mbele ya mkutano mkuu wa wahifadhi wa dunia. Maelezo yake kwa ufupi ni kwamba mwishowe binadamu atatunza kile anachokipenda, atapenda kile anachokielewa, na ataelewa kile alichofundishwa. Maneno hayo yamerudiwa tangu wakati huo katika nchi nyingi. Sisi wa ukanda huu tuna mfano wetu wenyewe wa maneno hayo, na mfano huo una manyoya, kishungi na uso mweusi.

KIPUNJI: MNYAMA ALIYEJULIKANA KWANZA NA MAJIRANI ZAKE

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, watafiti wa Shirika la Uhifadhi wa Wanyamapori, WCS, walikuwa wakizunguka vijiji vya mlima Rungwe kuuliza watu kuhusu wanyama wa msituni. Baadhi ya wawindaji waliwatajia kima mmoja mwenye aibu, akaaye juu ya miti mirefu, aitwaye kipunji.

Watafiti hawakuwa na uhakika. Katika masimulizi ya Wanyakyusa wanyama wa kweli na wanyama wa mizimu hutajwa pamoja, na si rahisi kwa mgeni kujua yupi anapatikana porini na yupi anapatikana katika hadithi. Kipunji angeweza kuwa wa kundi lolote kati ya hayo mawili.

Mwishoni mwa mwaka 2003 wakamwona kwa macho mlimani Rungwe. Mwaka uliofuata akathibitishwa pia katika msitu wa Livingstone, ambao sasa ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Kitulo. Mwaka huo huo wa 2004, kundi jingine la watafiti, bila kujua habari za wenzao, likamkuta katika msitu wa Ndundulu, milima ya Udzungwa. Mwezi Mei 2005 dunia ikatangaziwa kwamba Tanzania ina aina mpya ya kima.

Ni kima mkubwa kiasi, mwenye manyoya marefu ya kahawia yanayomkinga na baridi ya mlimani, uso mweusi na kishungi kilichosimama kichwani. Mlio wake ni wa ajabu, nusu kubweka na nusu honi.

Sehemu ya pili ya habari hii inaumiza. Mwaka 2005 kipunji mmoja mchanga alikutwa amekufa katika mtego ambao mkulima aliutega kwenye shamba la mahindi kando ya mlima Rungwe. Mwili wake ulipopimwa, wanasayansi waligundua kwamba ingawa kwa sura anafanana na kima wengine, kwa damu yupo karibu zaidi na nyani. Hakuingia katika jamii yoyote iliyokuwa imeandikwa. Mwaka 2006 akapewa jamii yake mwenyewe iliyoitwa Rungwecebus, yaani kima wa Rungwe. Ilikuwa imepita miaka 83 tangu Afrika ipate jamii mpya ya kima.

Tafakari hilo, msikilizaji. Mkulima yule hakuwa mtu mbaya. Alikuwa analinda mahindi yake. Kwake mnyama aliyenaswa alikuwa mwizi wa mahindi kama wezi wengine. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba mwizi huyo hapatikani popote duniani isipokuwa kwenye vipande vichache vya misitu ya Tanzania.

KUTOKA KUJULIKANA HADI KULINDWA

Hesabu ya kwanza ya kipunji wote, iliyochapishwa mwaka 2008, ilipata 1,117 tu. Shule nyingi za msingi za wilayani kwetu zikikusanywa mbili tatu zinafikisha wanafunzi wengi kuliko idadi hiyo. Na hao 1,117 ndio wote waliokuwapo duniani.

Baada ya habari zake kuenea, mambo yalianza kubadilika. Hifadhi ya Taifa ya Kitulo ilitangazwa rasmi mwaka 2005. Mlima Rungwe ukapewa hadhi ya hifadhi ya mazingira asilia mwaka 2009. Doria ziliongezwa, miti ikapandwa, na elimu ikapelekwa katika shule na vijiji vinavyopakana na msitu. Hesabu nyingine ilipofanyika zaidi ya miaka 10 baadaye, kipunji walikuwa wanakaribia 2,000.

Bado ni wachache na bado wako hatarini, lakini wameongezeka. Katika habari za wanyama adimu duniani, sentensi hiyo haiandikwi mara nyingi.

Sheria na doria zilifanya kazi kubwa. Ila askari wa hifadhi hawezi kusimama kwenye kila shamba la mahindi usiku kucha. Anayeamua kama mtego utegwe au usitegwe ni mwenye shamba. Na mwenye shamba akishajua kwamba kima huyu amebeba jina la mlima wake, na kwamba watu wa mbali wanamjua kwa jina alilopewa na babu zake, anamtazama kwa jicho jingine.

KUMPA JINA NI KUMPA NAFASI

Jina lina nguvu. Mwaka 1960 Jane Goodall alifika Gombe, kando ya Ziwa Tanganyika, kuchunguza sokwe. Wanasayansi wa siku zile walizoea kuwapa wanyama namba. Yeye aliwapa majina. Wengine walimcheka, wakasema hiyo si sayansi. Lakini ni kwa sababu ya majina hayo watu wa nchi nyingi waliwafuatilia sokwe wa Gombe kama wanavyofuatilia habari za ndugu, na wakataka msitu wao ubaki. Mwaka 1991 alianzisha mpango wa vijana uitwao Roots & Shoots jijini Dar es Salaam akiwa na wanafunzi 12. Leo umefika nchi nyingi duniani.

Kabla ya hapo Tanzania ilikuwa tayari na Klabu za Malihai, zilizoanza mwaka 1980 ili watoto wa shule wajifunze wanyamapori na uhifadhi. Baadhi yetu tuliosoma zamani kidogo tunakumbuka nyimbo na miche ya miti. Wazo lilikuwa lile lile: mtoto aliyepanda mti na kuumwagilia hataukata kirahisi akiwa mkubwa.

Sasa jiulize: mtoto wako anaweza kutaja majina ya samaki wangapi wa Ziwa Nyasa? Babu yake alijua wangapi? Jina likisahauliwa, kiumbe mwenyewe huondoka bila mtu wa kumwulizia.

TUSHUKE MTONI: MBASA

Huenda unasema: kipunji ni wa watu wa mlimani, sisi wa ufukweni anatuhusu nini? Anatuhusu kwa sababu ya maji. Misitu anayoishi kipunji ndiyo inayonyonya mvua za milimani na kuziachia taratibu. Mito kama Kiwira, Mbaka na Lufilyo inashuka kutoka nyanda hizo za juu hadi Ziwa Nyasa. Msitu ukiwa mzima, mto unakuja na maji safi hata kiangazi. Msitu ukikatwa, mto unakuja na tope na mafuriko wakati wa mvua, kisha unakauka. Watu wa Kyela hawahitaji kuelezwa mafuriko ni nini.

Katika mito hiyo anapanda mbasa.

Mbasa hahitaji utambulisho huku kwetu. Ni samaki mrefu, mwenye magamba ya fedha, mwenye mbio, anayeweza kufikia kilo kadhaa. Wageni wengine wanamfananisha na samoni wa Ulaya, kwa sababu naye huishi kwenye maji makubwa, kisha hupanda mto kwenda kuzaa. Mayai yake anayataga penye changarawe safi na maji yanayotembea. Watoto wakikua wanateremka kurudi ziwani. Jina lake la kisayansi ni Opsaridium microlepis, na hapatikani popote duniani isipokuwa Ziwa Nyasa na mito yake.

Safari hiyo ndiyo uhai wake, na ndiyo pia inayomponza. Wakati wa kupanda, mbasa wote hupita mlango mmoja, yaani mdomo wa mto. Ukifunga mdomo huo kwa nyavu kutoka ukingo hadi ukingo, unapata samaki wengi kwa usiku mmoja. Lakini waliomo kwenye nyavu hizo ni akina mama wanaokwenda kuzaa. Umevuna mbegu.

Hatari ya pili ni tope. Watu wakilima hadi ukingoni mwa mto, mvua hushusha udongo na kuufunika ule mchanga na changarawe. Mayai yaliyofunikwa na tope hayapati hewa, yanaoza. Hatari ya tatu ni sumu, iwe utupa au dawa ya kunyunyizia mazao, inayotiwa mtoni ili samaki waelee. Sumu haichagui mkubwa na mdogo. Na maji hayo hayo yanachotwa na mtu mwingine kule chini.

Mbasa amewekwa katika orodha ya kimataifa ya viumbe vilivyo hatarini kutoweka. Wavuvi wetu wenye umri mkubwa hawahitaji orodha hiyo. Waulize pale Lyulilo, siku ya soko la vyungu, mbasa wa zamani alikuwa na ukubwa gani. Watakunyooshea mkono, kisha watakuonyesha wa leo.

WADOGO AMBAO HATUWAONI

Kupenda kiumbe mkubwa mwenye sura nzuri ni rahisi. Mtihani uko kwa wadogo.

Ziwa Nyasa lina aina nyingi za samaki kuliko ziwa jingine lolote duniani. Wataalamu wanakadiria kati ya 700 na 1,000, na wengi wao hawapatikani kwingine. Ukipita kwa mtumbwi kandokando ya miamba kuelekea Ikombe, tazama chini maji yakiwa yametulia. Utaona samaki wadogo wa bluu, wa njano, wenye mistari. Kuna watu Ulaya na Marekani wanaowafuga kwenye matangi ya vioo sebuleni, wanawalipia fedha nyingi, na wanajua majina yao yote. Sisi tuliozaliwa nao tunawaita tu "vile visamaki vya kwenye mawe".

Wengi wa samaki hao, pamoja na magege tunaowala, wana jambo la kushangaza. Mama huyabeba mayai yake mdomoni. Yakianguliwa, watoto wanaendelea kukaa humo, wakitoka kula na kurudi mbio wakiona hatari. Kwa muda huo mama hali au anakula kidogo mno. Mvuvi anayeburuta kokoro au chandarua cha mbu penye mazalia ya magege ananasa mama pamoja na kizazi kizima kilichomo kinywani mwake. Tulipolisema hili hewani, mama mmoja alitupigia simu akasema ameuza samaki miaka mingi, amekuta mayai midomoni mwao mara nyingi, na alikuwa akidhani ni chakula walichokimeza.

Tuje shambani. Ua la kakao ni dogo mno na nyuki hawalifai sana. Kazi ya kulichavusha hufanywa hasa na usubi, vijidudu vidogo vinavyozaliana kwenye majani yanayooza na maganda ya kakao yenye unyevu chini ya miti. Mkulima anayefagia shamba hadi udongo ubaki mtupu, au anayepuliza dawa kali ovyo, anaweza kuwa anawaua wafanyakazi wake mwenyewe, kisha akashangaa maua mengi yamedondoka bila kuzaa.

Na wale wadudu wanaopaa juu ya ziwa kama moshi, ukadhani kuna kitu kinaungua huko katikati? Kabla hawajaota mabawa waliishi majini, na huko ni chakula cha samaki. Usipa unaoanika juani una deni kwa vijidudu kama hao.

Hatusemi uwe na mapenzi na usubi kama unavyompenda mwanao. Tunasema kwamba ukishajua kazi yake, mkono wako unakuwa mzito kidogo kabla ya kupuliza dawa.

WAZEE WALILINDAJE?

Wanyakyusa hawakusubiri redio iwaambie. Walikuwa na vichaka vitakatifu ambamo hakuna aliyethubutu kukata mti. Maarufu ni Lubaga, alikoheshimiwa Lwembe. Mtafiti wa mila, Monica Wilson, aliyeishi miongoni mwa Wanyakyusa miaka ya 1930, aliandika kwa kirefu kuhusu ibada na mahali hapo.

Ulinzi wa wazee ulisimama juu ya hofu na heshima. Mtu aliogopa kukata mti kwa sababu ya waliolala chini yake. Leo vijana wengi hawana hofu hiyo. Dini zimebadilika, shule zimekuja, na msumeno wa mashine hauogopi mizimu. Hatusemi hofu irudi. Lakini hofu ilipoondoka iliacha nafasi wazi, na nafasi hiyo ikikaa bila kitu, itajazwa na fedha ya siku moja. Ujuzi na upendo ndivyo vinavyoweza kuijaza vikadumu, kwa sababu mtu hulinda kwa hiari hata pasipokuwa na macho ya kumtazama.

NA MAMBA JE?

Hapa tuwe wakweli. Msikilizaji mwingine alituuliza: "Ndugu yangu aliliwa na mamba. Nimpende mamba?"

Hapana. Hakuna mwenye haki ya kumdai mfiwa ampende mnyama aliyemwua ndugu yake. Vivyo hivyo mkulima wa mpunga aliyeamka akakuta kiboko amelala katikati ya jasho lake la miezi minne. Mahubiri ya upendo yasiyogusa maumivu haya huwafanya watu wachukie uhifadhi, na hiyo ni haki yao.

Kwa hali kama hizo kinachotakiwa ni usalama na haki. Usalama ni kuchota maji penye kisima au bomba, au penye uzio, si penye kina na magugu. Kutooga mtoni jioni. Kutosogelea kiboko aliye nchi kavu, hasa akiwa na ndama, wala kukaa kati yake na maji. Haki ni kutoa taarifa mapema serikali ya kijiji na ofisi ya wanyamapori ya wilaya. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 na kanuni zake zinatambua kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au familia ya aliyeuawa, na kifuta jasho kwa aliyeharibiwa mazao. Fedha hizo hazilipi uhai wa mtu. Ila ni utaratibu uliopo, na asiyetoa taarifa kwa wakati anaukosa.

Tukumbuke pia kwamba upendo si kumkaribia mnyama. Kumrushia ngedere ndizi ni kumfundisha kuvunja mlango wa jiko. Kumchukua ndama wa mnyama pori nyumbani ukidhani unamwokoa ni kumnyang'anya mama yake, na ni kosa kisheria. Mnyama pori anapendwa kwa kuachiwa nafasi yake.

UPENDO NA TUMBO

Turudi kwa swali la chungu. Mwezi Septemba 1961, miezi michache kabla ya Uhuru, Mwalimu Julius Nyerere alitoa tamko mjini Arusha kuhusu wanyamapori, linalojulikana kama Tamko la Arusha la uhifadhi. Alieleza kwamba viumbe hao ni chanzo cha mshangao na pia ni sehemu ya riziki yetu ya baadaye. Mwalimu hakutenganisha mambo hayo mawili, na sisi tusiyatenganishe.

Riziki peke yake haitoshi kulinda. Anayemtazama mbasa kama fedha tu, siku bei ikipanda atamvua zaidi, na siku samaki wakiisha atahamia kitu kingine. Upendo peke yake nao hautoshi. Mzazi mwenye watoto wenye njaa hawezi kuambiwa akae atazame samaki wakipita. Viwili hivyo vinahitajiana: upendo unakufanya ufikirie mwaka ujao, na riziki nyingine inakupa nguvu ya kuusubiri huo mwaka.

Ndiyo maana mvuvi aliye na mizinga kadhaa ya nyuki, au miti michache ya kakao, au shamba la mpunga, anaweza kuuacha mdomo wa mto wazi wakati wa mbasa kupanda. Asiye na chochote zaidi ya nyavu mbili anahitaji wenzake. Kwa hiyo makubaliano ya kufunga uvuvi lazima yawe ya wote. Mmoja akiacha na jirani akiendelea, aliyeacha anajiona mjinga, na mwakani haachi tena.

TUFANYE NINI HUKU KWETU?

Haya ni mambo ambayo hayahitaji mfadhili:

Kwanza, acheni mdomo wa mto wazi mbasa wanapopanda. Kaeni kupitia kikundi chenu cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, BMU, mkubaliane majira na mipaka, kisha msimamie wenyewe.

Pili, msilime hadi ukingoni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Acheni mianzi, matete na miti ya asili ishike udongo.

Tatu, sumu na baruti ni kosa chini ya Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003. Ukiona, toa taarifa. Unalinda pia maji ya kunywa ya mtoto wako.

Nne, ukinasa magege mwenye watoto mdomoni na bado yuko hai, mrudishe majini.

Tano, acha majani yaliyooza chini ya mikakao, ukiondoa tu matunda yenye ugonjwa.

Sita, na hili ndilo rahisi kuliko yote: wafundishe watoto majina. Jumapili jioni mpeleke mwanao mtoni. Mwambie huyu ni nani, huyu anakula nini, yule anazaa wapi. Kama hujui, mkamwulize babu pamoja. Majina ya Kinyakyusa, ya Kikisi, ya Kiswahili, yote ni hazina. Jina la kipunji lilitoka kwa wawindaji wa vijijini likaingia katika vitabu vya dunia nzima. Hatujui ni kiumbe gani mwingine anayejulikana leo na wazee wetu tu.

TUKIMALIZIA

Tulimpigia simu yule msikilizaji mwenye nyavu mbili, tukamsomea sehemu ya makala haya. Alicheka. Akasema marehemu baba yake alikuwa akipanda kandokando ya Lufilyo kumwonyesha mbasa wanaporukia maji ya kasi, na siku hizo walikuwa hawabebi nyavu, walikuwa wanatazama tu. Tukamwuliza kama yeye amewahi kuwapeleka watoto wake wanne. Akanyamaza kidogo. Akasema: "Bado. Ila nitawapeleka, kama tutawakuta."

Tunamwombea awakute. Na wewe ukiwaona mwaka huu, tutumie ujumbe utuambie ni mto gani na mwezi gani, tutausoma hewani. Ila usitutajie mahali penyewe wanapotagia; hiyo iwe siri yenu ninyi mnaowalinda.